Aliyevunja Uso wa Mkaribishaji

Kila mwaka mwezi wa Mei, ofisi ya kata ya Souto de Cima huwapakia wazee wake kwenye basi na kuwapeleka matembezi. Mwaka huu safari ilikuwa ya mjini Braga, kwenye kasri la Vale-Mourão, ambalo manispaa ilikuwa imelinunua na kulifungua kwa watu wote. Tangazo lilisomwa mwisho wa misa. Eufrásia alikuwa amesimama kando ya altare na vitambaa vilivyopigwa pasi mikononi, na aliposikia jina la kasri, vitambaa nusura vimponyoke.

Angeweza kusingizia goti. Miaka sabini na tatu si haba, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kumwokoa katika mialiko mingi. Lakini Felismina alimwahi mlangoni mwa kanisa.

"Shoga, tunakwenda kwetu!" akasema, akimkamata mkono. "Mimi na wewe. Nimekuwekea kiti cha dirishani."

"Na goti langu hili, Felismina?"

"Goti utaliweka juu ya mfuko wangu. Peke yangu siendi, unajua watakavyonitafuna."

Eufrásia alijua sana. Ndiyo sababu alikubali.

Katika Souto de Cima kila ukoo una jina lake la utani, na jina hilo hurithiwa pamoja na shamba. Kuna akina Mbuzi, kuna akina Saa-Mbovu, kuna akina Askofu, na hao wa mwisho usiulize kwa nini. Felismina yeye ni Nimegusatu. Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi na sita, Pasaka ya mwaka 1968, aliporudi kijijini kutoka Vale-Mourão na furushi lake mkononi, amefukuzwa kazi ya utumishi kwa kuvunja uso wa mkaribishaji. Mkaribishaji si mtu. Ni bwana wa vigae vya buluu, kimo cha mtu mzima, amebandikwa ukutani chini ya ngazi kuu, na mkono wake umenyooshwa kuwaambia wageni wapite. Kila aliyemuuliza Felismina ilikuwaje, alijibiwa kwa kilio neno lile lile: nimegusa tu, nimegusa tu. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma. Tangu siku hiyo, kikombe kikianguka mkahawani, kuna mtu atapaza sauti "Nimegusa tu!" na wote wataangua kicheko.

Utani tu huo, utasema. Haya, kaa nao wewe miaka hamsini na sita. Kwenye sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia, Felismina hapewi glasi abebe, anapewa viazi amenye. Mwanawe Adelino alifungua kibanda cha kutengeneza redio na televisheni, kibanda kikamfia mikononi baada ya miezi saba, maana ni nani angempelekea televisheni yake mtoto wa Nimegusatu? Akaenda zake Luksemburgi kupiga lipu, akaoa huko, akazalia huko. Na Felismina mwenyewe, ambaye hakuvunja kitu kingine chochote maishani mwake, wajukuu wake aliwapakata akiwa ameketi chini sakafuni, mito imepangwa pande zote. Hakuwaamini watu waliomcheka, lakini aliamini mikono yake ilikuwa na kasoro.

Eufrásia, kwa upande wake, alisifiwa kwa mikono ya dhahabu. Alibaki kasrini miaka kumi na mmoja baada ya mwenzake kufukuzwa, akaagwa kwa mashuka ya harusi aliyopewa na bibi mkubwa wa kasri mwenyewe, akarudi kijijini akakabidhiwa vitambaa vya altare. Tena alikuwa na sifa moja ambayo kijiji kizima kiliitaja: hajawahi hata siku moja kumwita Felismina kwa jina la utani. "Eufrásia hana neno baya kwa mtu," walisema. Felismina alimpenda kwa hilo kuliko alivyowapenda ndugu zake wa damu, na kila alipoonyeshwa upendo huo Eufrásia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndani ya basi Felismina alifungua mfuko wake kabla hata hawajafika barabara kuu. Alikuwa na mkate wa mahindi, soseji za nguruwe na chupa ya divai changa, na kila kipande kizuri alimpa Eufrásia kwanza. Kiti cha mbele yao alikaa Zeferino, seremala mstaafu, mzee asiye na breki mdomoni.

"Dereva!" Zeferino aliita. "Mwangalie huyu Felismina asiguse kioo. Tunataka kufika Braga na basi zima!"

Basi likacheka. Felismina naye akacheka, kwa sababu alikuwa amejifunza zamani kwamba asipocheka wataendelea.

"Wewe nikikugusa utapasuka kweli, Zeferino," akamjibu, "maana umejaa upepo mtupu."

"Hebu mwacheni mwenzenu," Eufrásia akasema.

"Mtakatifu Eufrásia amenena," Zeferino akajibu, akijipiga ishara ya msalaba. "Nimefunga domo."

Felismina akamminya mkono rafiki yake. "Usingekuwepo wewe," akamnong'oneza, "sijui ningeishije na watu hawa."

Eufrásia akageukia dirishani.

Maana ukweli ulikuwa hivi, na tuuseme mapema tusichoshane. Aliyevunja uso wa mkaribishaji ni Eufrásia. Ilikuwa Jumamosi Kuu, kasri zima limepinduliwa juu chini kwa usafi, kwa kuwa kesho yake msalaba ungepitishwa nyumba kwa nyumba, na bibi mkubwa wa Vale-Mourão hakutaka msalaba ukute vumbi hata la kushika kwa kidole. Eufrásia alikuwa akipita ukumbini na ngazi ya mbao begani. Akaitwa, akageuka ghafla, na ncha ya ngazi ikampiga usoni yule bwana wa vigae. Kigae kikapasuka vipande vitatu, viwili vikamwangukia mkononi. Hakuna aliyeona. Alikimbilia jikoni, akamega mkate wa mahindi, akautafuna, akaukanda pamoja na nta ya mshumaa, kisha akarudi kuvibandika vipande mahali pake. Ukisimama mbali usingejua kitu.

Kupangusa vigae ilikuwa zamu yake yeye asubuhi ile. Alimfuata Felismina, aliyekuwa anasugua vitasa vya shaba.

"Tubadilishane, mwenzangu," alimwambia. "Mabega yananiuma. Chukua wewe mkaribishaji, mimi nimalizie shaba."

Akampa kitambaa, kimelowa chepechepe. Felismina akainua mkono wakati bibi mkubwa anashuka ngazi, na uso wote ukaporomoka, ukasagika kwenye mawe mbele ya viatu vyake. Eufrásia alikuwa mlango wa pili, kitasa mkononi. Ile "nimegusa tu" ya kwanza kabisa aliisikia yeye. Hakusema neno. Tangu hapo amekuwa akijiambia kwamba alidhani mkate ungeshika, na kila Pasaka amekwenda kuungama uvivu na kusengenya, akatoka.

Kasrini walipokelewa na kiongozi wa wageni, msichana mmoja aitwaye Iolanda, mchangamfu, kadi inaning'inia shingoni. Aliwagawia vifuniko vya kitambaa wavae juu ya viatu, wasikwaruze sakafu, na wazee wakachukua robo saa nzima kuinama, kuguna na kushikana mabega. Langoni Felismina alisita.

"Mlango wetu si huu," alisema. "Sisi tulikuwa tunapitia kule nyuma, penye kuni."

"Leo mnapitia hapa, mama," Iolanda akamwambia. "Karibuni. Kwani mliwahi kufanya kazi hapa?"

"Sisi wawili hawa," Felismina akasema kwa fahari, akimvuta Eufrásia kwenye mkono. "Wakati wewe hata mama yako hajafikiriwa."

Na mkaribishaji alikuwepo pale pale. Koti lake la buluu, soksi zake, mkono wake umenyooshwa kwa adabu zote, na juu ya shingo, mahali pa uso, kiraka cha lipu nyeupe, mraba, kitupu. Eufrásia alikuwa amepangusa vumbi kuzunguka kiraka kile kwa miaka kumi na mmoja, asubuhi baada ya asubuhi, na bado alipokiona sasa uso wake mwenyewe uliwaka moto. Aliona haya kama kwamba ni jana. Aliangalia chini, kwenye vile vifuniko vya viatu, akaomba kimoyomoyo msichana apitilize haraka kwenda vyumba vya juu.

Msichana hakupitiliza. Hapo ndipo alipokuwa na hadithi yake nzuri.

"Mnaona hapa?" alisema. "Mwaka 1809 Wafaransa walipoingia Braga, askari wa Napoleoni walilala humu ukumbini. Inasemekana mmoja wao, amelewa, aliukasirikia uso huu uliokuwa unamchekea, akaupiga kwa kitako cha bunduki. Na jeraha hilo limebaki mpaka leo."

Wazee thelathini na wanane wa Souto de Cima wakatazamana. Kisha Zeferino akavua kofia yake polepole.

"Felismina," akasema, "kumbe wewe ni Mfaransa!"

Ukumbi ulivuma kwa kicheko. Watu walishikana wasianguke na viatu vyao vya kuteleza. "Na ulikuwa umelewa!" akadakia mwingine. "Jenerali Nimegusatu!" Padri Anselmo mwenyewe, ambaye kwa kawaida huwa anawakemea, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika.

"Jamani, nini?" Iolanda aliuliza, akitabasamu bila kuelewa. "Nimesema nini?"

"Umekosea miaka mia na hamsini na kitu, mwanangu," Zeferino alimjibu, akijifuta machozi. "Askari wako huyu hapa. Muulize mwenyewe."

Felismina alikuwa anacheka pamoja nao, lakini shingo yake ilikuwa imeiva. "Ni mimi, binti," akasema. "Mwaka sitini na nane. Nilikuwa nafanya usafi wa Pasaka."

Macho ya Iolanda yakang'aa. Akatoa daftari mfukoni. Alieleza kwamba kasri linaandaa mabango mapya, tena safari hii wanataka habari za watumishi, watu wa kweli waliofanya kazi humu, si mabwana tu. Hii ni hazina, alisema. Bango litakaa hapa hapa, karibu na mkaribishaji, na jina la mama, na mwaka, ili watoto wa shule wakija wasome habari ya kweli badala ya porojo za Wafaransa.

"Jina lako kamili, mama?"

"Lazima jina liwepo?" Felismina akauliza.

"Ndiyo uzuri wake, mama. Ni heshima kwako."

"Mjukuu wangu anakuja Agosti kutoka Luksemburgi," Felismina alisema, na kicheko sasa kilikuwa kimemwisha. "Huko hawajui habari hizi." Akafikiri. Alikuwa mtu asiyejua kumkatalia mtu mwenye daftari. "Haya, andika. Felismina da Conceição Vilaça. Lakini, binti, ungeweza kuandika pia, pale chini, hata kwa herufi ndogo, kwamba nilikuwa nimegusa tu?"

Usingedhani binadamu wanaweza kucheka zaidi ya walivyokuwa wamecheka. Waliweza. Eufrásia alimwona Felismina amesimama katikati ya kicheko kile, mikono ameificha nyuma ya sketi kama kawaida yake, akimsubiri msichana amjibu. Naye Iolanda alikuwa anaandika.

"Usiandike," Eufrásia akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Ikabidi arudie.

"Usiandike, mwanangu. Si yeye. Ni mimi niliyevunja."

Kicheko kilikatika.

"Nilikuwa na ngazi begani," Eufrásia alisema. Aibu aliyoikalia ujana wake wote na uzee wake ilipanda sasa mbele ya macho ya watu wote. "Nikaupiga kwa ngazi. Nikabandika vipande kwa mkate wa mahindi na nta. Yeye alipokuja kupangusa, uso ulikuwa umekwisha kuvunjika. Alisema kweli. Aligusa tu."

Kisha Padri Anselmo akamjia, akamshika mabega yote mawili, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Eufrásia," akasema. "Miaka yote hii nakufahamu, na bado unanifundisha upendo."

"Padri, si upendo. Ni kweli."

"Najua, najua," akamwambia kwa upole, akimpigapiga mgongoni.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kupiga makofi. Wakafuata wengine. Wakampigia makofi Eufrásia ukumbi mzima, chini ya taa za vioo, naye akatikisa kichwa akisema hapana, hapana, sikilizeni, na kadiri alivyotikisa ndivyo walivyozidi kupiga. Kilemba cha ukoka walimvika, tena kwa moyo safi.

"Basi kama ni hivyo na mimi nilishika ngazi!" Zeferino akapaza sauti.

"Na mimi nilileta mkate!"

"Mimi nilitafuna!"

"Mwandike Eufrásia, mwanangu, aliyevunja kwa mikono ya dhahabu!"

Kicheko kikarudi, safari hii kicheko chema, cha watu wanaojisikia vizuri. Iolanda alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafunga daftari. "Naona bora tuwaachie Wafaransa kesi yao," akasema, na wazee wakamshangilia, wakaanza kupanda ngazi kwenda kuona ukumbi wa dansi.

Mmoja tu hakucheka wala hakupiga makofi. Felismina alikuwa ametoa mikono nyuma ya sketi na anaitazama. Halafu akageuka akatoka nje, peke yake, kupitia mlango wa nyuma, ule wa penye kuni.

Eufrásia alimkuta bustanini, kwenye ukingo wa chemchemi. Goti lilimuuma kweli sasa, lakini hakuthubutu kuketi.

"Niliokota vile vipande," Felismina alisema bila kumtazama. "Bibi mkubwa aliniambia niokote vyote kabla sijaondoka. Nyuma ya vipande palikuwa na kitu laini, cha njano. Nilinusa. Nikajiambia, ajabu, gundi ya zamani inanuka mkate." Akavitazama vidole vyake. "Sikumwambia mtu. Nani angenisikiliza? Kwa hiyo maneno yako hukuyatunga leo."

"Sikuyatunga."

"Na kitambaa ulinipa wewe."

"Nilikupa mimi."

"Ulisema mabega yanakuuma."

"Nilisema."

Maji ya chemchemi yalikuwa yanamwagika polepole. Juu, madirisha ya ukumbi wa dansi yalikuwa wazi na sauti ya Zeferino ilisikika akimwomba Padri Anselmo wacheze.

Felismina hatimaye akamtazama. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa anamwomba, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ulidhani mkate utashika," alisema. "Sivyo, Eufrásia? Ulikuwa mtoto, ukaogopa, ukabandika, ukadhani utashika. Niambie hivyo. Nitakuelewa."

Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ajili yake, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na rafiki yake, akiwa bado rafiki yake. Angesema tu ndiyo. Alikuwa amejizoeza neno hilo maisha yake yote, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini alimwona Felismina alivyokuwa amekaa, mikono wazi magotini, na alijionea kinyaa.

"Nilijua hautashika," alisema. "Kitambaa nilikilowesha makusudi. Nilitaka uso uanguke mkononi mwa mtu mwingine, na wewe ulikuwa karibu."

Felismina hakupiga kelele. Aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili, tatu, anapokea habari.

"Adelino alilia siku alipofunga kile kibanda," alisema. "Mwanamume mzima. Aliniambia, mama, sikulaumu. Hakunilaumu. Mimi nilijilaumu kwa niaba yake." Akaifungua mikono yake, akaifunga. "Watoto wake watatu, Eufrásia. Sijawahi kusimama na mtoto mkononi. Hata mmoja. Mama yao alidhani siwapendi."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe."

Walibaki hivyo mpaka wenzao walipoanza kutoka, wakiitana, wakitafuta vyoo, wakitandika chakula chao kwenye nyasi za bustani. Mwanamke mmoja alimletea Eufrásia kipande cha keki katika leso. "Kwa ajili yako, mama, kwa moyo wako," akamwambia. Eufrásia alikishika kile kipande asijue akiweke wapi, na Felismina alimtazama akikishika.

"Umeona?" Felismina akasema. "Umesema ukweli wako, ukapewa keki. Mimi nilisema wangu nikapewa jina."

"Hawataki kunisadiki. Ulisikia mwenyewe."

"Kwa sababu umewapa nusu inayopendeza. Umewaambia ulivunja. Nani hajavunja kitu? Hiyo ndiyo sehemu ya kupigiwa makofi." Felismina akasimama, akajikung'uta sketi. "Waambie ya kitambaa."

"Felismina..."

"Waambie kama ulivyoniambia mimi, maneno yale yale. Mmoja mmoja, wasije wakapata nafasi ya kucheka pamoja. Ukimaliza basini, kesho kuna duka la mikate. Jumapili kuna kanisa. Agosti mwanangu anakuja, utamwambia na yeye, na watoto wake. Baada ya hapo ndipo utaniuliza kama nimekusamehe."

Chakula cha mchana Felismina alikula na watu wengine. Alimenya chungwa lake polepole, na hakuna aliyegundua kitu, isipokuwa kwamba hakucheka Zeferino alipomwambia asiguse chupa.

Saa kumi na moja wakarudi kwenye basi. Felismina alikwenda moja kwa moja kiti cha nyuma kabisa, akaketi katikati, ambapo angeona njia yote ya kati. Eufrásia alibaki amesimama mlangoni, akishikilia chuma. Alitamani lile goti limwangushe. Alitamani kufa, kwa kweli, kwa dakika moja hivi, kama mtu anavyotamani kitu ambacho anajua hatapewa. Basi likawashwa.

"Kaa chini, Eufrásia, utaanguka," Padri Anselmo alimwambia kutoka kiti cha kwanza, akiisogeza kofia yake iliyokuwa kwenye kiti cha pembeni ampishe.

"Padri, nina neno."

"Umekwisha sema, mwanangu. Pumzika sasa."

"Sikumaliza. Zamu ya kupangusa ilikuwa yangu. Nilijua uso utaanguka. Nikalowesha kitambaa makusudi, nikampa Felismina, ili uangukie mkononi mwake. Nikasimama mlangoni nikamtazama akifukuzwa. Nikanyamaza miaka hamsini na sita, na wewe kila Pasaka nikakuungamia uvivu."

Tabasamu lilikaa usoni mwa padri kitambo kidogo, halijui liende wapi. Kisha likaondoka. Hakumshika bega. Aliichukua kofia yake kutoka kwenye kile kiti kitupu, akaiweka magotini, akaitazama.

Eufrásia alivuta hatua moja. Kiti cha pili alikuwa Zeferino, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa amefungua mdomo tayari kwa mzaha, na mdomo ukabaki wazi.

"Zeferino," Eufrásia alianza, na sauti ikamvunjika. "Zamu ya kupangusa ilikuwa yangu..."

"Kwa sauti, Eufrásia," Felismina akaita kutoka mwisho wa basi. "Huku nyuma hatusikii."